Kutoka namba hadi sindano: kuboresha huduma ya mjamzito mwenye presha kali hospitalini

Mwongozo huu ni wa wakunga, wauguzi, matabibu na viongozi wa wodi za wazazi. Dozi nilizozitaja ni zile zinazotumika sana. Pale mwongozo wa tiba wa nchi yenu unaposema vingine, fuateni wenu. Shabaha yangu ni moja: kufupisha muda kati ya mashine kuonyesha namba mbaya na dawa kuingia mwilini mwa mama.

Tiba yenyewe inajulikana. Mwulize muuguzi yeyote wa leba dawa ya kifafa cha mimba (degedege linaloletwa na ugonjwa wa presha ya ujauzito), atakutajia magnesiamu kabla hujamaliza swali. Lakini fungua faili, utakuta namba iliandikwa saa 3 usiku na dawa ikatolewa saa 6. Katikati hapo ndipo mama anapopata kiharusi, anapodegedeka, au kondo linapobanduka. Kwa hiyo tuanze na hayo mafaili.

1. Soma mafaili kabla ya kuandaa semina

Toa mafaili 20 ya kinamama waliolazwa karibuni wakiwa na presha ya 160/110 au zaidi. Kwa kila mmoja andika saa nne tu: namba ilipoonekana mara ya kwanza, ilipopimwa tena, dawa ya kushusha presha ilipotolewa, na magnesiamu ilipoanza. Ukikuta nafasi tupu, iache tupu. Usiijaze kwa kumbukumbu ya mtu.

Utakutana na faili la namna hii: saa 3:10 usiku, 172/114. Saa 3:40, "daktari amejulishwa". Saa 4:30, "inasubiriwa protini ya mkojo". Saa 5:20, daktari amefika na kuandika haidralazini, dawa ya kushusha presha. Saa 6:05, dawa imetolewa. Hakuna aliyelala humo. Kila mtu alifanya kazi yake, na bado mama alikaa karibu saa tatu na presha inayopasua mishipa ya ubongo. Ukiuliza "nani alikosea?" hutapata kitu cha kurekebisha. Uliza "kila kipande cha muda kilikwenda wapi?" Kipande kimoja kilikwenda kwenye simu isiyopokelewa, kingine kwenye kipimo cha mkojo ambacho hakikuhitajika ili kuanza dawa, kingine kwenye ufunguo wa kabati uliokuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda jengo la pili.

Saa hizo nne ndizo zitakazokuambia hatua zipi kati ya zinazofuata zinaihusu wodi yako zaidi. Si lazima uzifanye zote kwa pamoja.

2. Hakikisha namba ni ya kweli

Mama akae, mgongo ukiwa umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, apumzike dakika tano. Mkono uwe usawa wa moyo. Mkanda wa presha uutoshe mkono: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na mpana kwenye mkono mwembamba huishusha. Wodi isiyo na mkanda mkubwa inunue. Ni kitu kidogo.

Kosa ninalolikuta sana ni la mama aliyelala ubavu wa kushoto na kupimwa mkono wa kulia, ulio juu ya usawa wa moyo. Namba inashuka, kila mtu anafurahi, na presha yenyewe haijasogea. Kuna pia muuguzi anayefungua hewa haraka na kuandika 150/100 kwa kukadiria. Ukiona daftari zima la wodi lina namba zinazoishia na sifuri, jua watu wanakisia.

Mashine za umeme ni nzuri, lakini si zote zinazofaa kwa wajawazito. Baadhi husoma chini kwa mwenye dalili za awali za kifafa cha mimba (pre-eklampsia). Tumieni iliyothibitishwa kwa ujauzito, na kama mama anaonekana mgonjwa kuliko namba inavyosema, pimeni tena kwa mkono na sikio.

3. Kubalianeni namba ya kengele

Namba ya juu 160 au zaidi, *au* ya chini 110 au zaidi. Moja inatosha. Sisitizeni hiyo "au", kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kuiogopa namba ya chini tu, ilhali namba ya juu ndiyo inayohusishwa zaidi na damu kuvuja kwenye ubongo. Mama wa 168/98 ni wa dharura.

Ikionekana, rudia kipimo ndani ya dakika 15. Ikibaki pale pale, dawa itolewe haraka iwezekanavyo, na isizidi dakika 30 hadi 60 tangu namba ya kwanza. Protini ya mkojo haisubiriwi. Protini inasaidia kutambua ugonjwa, lakini haiamui kama presha ya 170 ishushwe, na mama anaweza kuwa na dalili za awali za kifafa cha mimba bila protini yoyote: chembe sahani (zinazogandisha damu) chini ya 100,000, vimeng'enya vya ini kupanda maradufu, figo kuzidiwa, mapafu kujaa maji.

Kila anayepima presha, hata mhudumu wa mapokezi, aijue namba hiyo na ajue pa kukimbilia. Aulize na dalili: kichwa kinachouma na hakitulizwi na dawa, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia au chembe ya moyo, kuhema, mkojo kupungua. Maumivu ya chembe ya moyo yamepewa dawa za vidonda vya tumbo mara nyingi mno. Mjamzito aliyepita wiki 20 akilalamika tumbo la juu, pima presha kwanza.

4. Weka sanduku, na ufunguo uondoke mfukoni

Dawa za presha kali zikae pamoja, leba na wodini, ndani ya sanduku moja lenye alama kubwa. Ndani yake: magnesiamu ya asilimia 50 ya kutosha dozi ya kuanzia na ya kuendeleza, maji ya sindano, lignokeini ya ganzi, kalsiamu glukoneti ya kuondoa sumu ya magnesiamu, dawa mbili tofauti za kushusha presha, kanula, sindano za 20 ml na 10 ml, mpira wa mkojo na mfuko wake, nyundo ya goti, na karatasi ya dozi iliyofunikwa plastiki. Funga kwa utepe unaokatika. Ukikatika, sanduku limetumika na linapaswa kujazwa na zamu iliyolitumia, si zamu inayofuata.

Zamu ikibadilishana, sanduku likaguliwe kama mnavyokagua oksijeni. Angalieni na tarehe za kuisha muda, hasa ya kalsiamu, ambayo haitumiki mara kwa mara na huharibika bila mtu kujua.

5. Ruhusu muuguzi aanze

Hapa ndipo dakika nyingi zinapookolewa, na hapa ndipo viongozi wanapoona haya kuamua. Andikeni amri ya kudumu, isainiwe na mkuu wa idara: presha ikiwa 160/110 au zaidi mara mbili, mkunga wa zamu anatoa dozi ya kwanza ya nifedipini (dawa ya kushusha presha) na dozi ya kuanzia ya magnesiamu kwa mama mwenye dalili kali, huku daktari akiitwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa huumiza ubongo. Amri isiyosainiwa haimlindi muuguzi, naye anajua. Ndiyo maana anasubiri.

Simu kwa daktari nayo iwe na umbo. Badala ya "Dokta, kuna mama presha iko juu," sema:

"Dokta, ni leba. Nina mama wa wiki 34, mimba ya kwanza. Presha 172/114, nimerudia baada ya dakika 10, 170/112. Kichwa kinamuuma, anaona vimulimuli. Nimempa nifedipini miligramu 10 saa 3:25, naandaa magnesiamu. Naomba uje sasa hivi."

Asipopokea mara mbili, jina la anayefuata liwe ukutani.

6. Shusha presha, lakini usiiangushe

Nifedipini ya kawaida (si ile ya kutolewa polepole) miligramu 10 kwa kumeza, kisha rudia baada ya dakika 20 hadi 30 kama bado iko juu. Isiwekwe chini ya ulimi wala kupasuliwa. Haidralazini miligramu 5 kwenye mshipa, polepole. Labetaloli miligramu 20 kwenye mshipa, kisha 40, kisha 80, kila baada ya dakika 10. Labetaloli asipewe mwenye pumu, moyo ulioshindwa au mapigo ya taratibu. Palipo na methildopa tu, gramu 1 kwa mdomo ni bora kuliko kukaa bure.

Pima kila dakika 10 hadi 15 hadi presha itulie. Lenga namba ya juu kati ya 140 na 150, ya chini kati ya 90 na 100. Usiikimbize hadi 120/80. Kondo limezoea presha ile, na ikiporomoka ghafla mtoto ndiye anayekosa damu. Sikiliza mapigo ya mtoto wakati wote wa kushusha.

7. Magnesiamu: dawa inayoogopwa kuliko inavyostahili

Magnesiamu haishushi presha. Inazuia degedege. Zinatolewa zote mbili, na mama aliyepata magnesiamu peke yake akiwa na 180/120 hajatibiwa nusu yake.

Ushahidi wake ni mzito. Mwaka 1995 utafiti wa kimataifa ulionyesha kuwa inazuia degedege kurudi kuliko diazepamu na kuliko fenitoini, dawa nyingine za degedege. Mwaka 2002 ukatoka utafiti wa Magpie, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33: waliopewa magnesiamu walipata kifafa cha mimba kwa asilimia 0.8, wasiopewa asilimia 1.9. Wodi ambayo bado inakimbilia diazepamu imebaki nyuma mno.

Kwa njia ya sindano za msuli, dozi ya kuanzia ni gramu 14: gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 msulini. Watu hukwama kwenye hesabu ya kuchanganya, basi iwe hivi. Kichupa cha 10 ml cha asilimia 50 kina gramu 5. Vuta 8 ml, hizo ni gramu 4. Ongeza 12 ml za maji ya sindano, unapata 20 ml za asilimia 20. Choma kwenye mshipa taratibu, dakika tano au zaidi, ukiangalia saa. Kisha vuta 10 ml za asilimia 50 zisizochanganywa na maji, weka 1 ml ya lignokeini ya asilimia 2, choma ndani kabisa ya msuli wa tako moja. Fanya hivyo hivyo tako la pili. Vichupa vya 2 ml vina gramu 1 kila kimoja. Kama stoo imebadilisha aina, badilisha na karatasi ya sandukuni siku hiyo hiyo.

Mwambie mama kabla hujachoma: "Mama, hii dawa itakufanya usikie joto mwili mzima, na sindano za makalio zinauma. Joto litapita. Ukijisikia kuhema kwa shida, niambie mara moja." Asiyeambiwa hudhani anakufa, akang'oa kanula.

Dozi za kuendeleza ni gramu 5 msulini kila saa nne, tako kwa tako, au gramu 1 kwa saa kwenye mshipa palipo na pampu na mtu wa kuiangalia. Kabla ya kila dozi, mambo matatu: goti linaruka likigongwa, pumzi si chini ya 16 kwa dakika, mkojo si chini ya 30 ml kwa saa katika saa nne zilizopita. Goti hupotea kabla pumzi haijasimama, kwa hiyo anayegonga goti kweli ana muda wa kutosha wa kugundua sumu. Anayeandika "goti sawa" bila kugonga hana. Likipotea, ruka dozi na mwite daktari. Pumzi ikizidiwa, msaidie kupumua na mpe kalsiamu glukoneti gramu 1 (10 ml za asilimia 10) polepole kwenye mshipa.

Endelea saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, lolote litakalokuja baadaye.

Akidegedeka: ita watu, mlaze ubavu, linda njia ya hewa, mpe oksijeni, usimshindilie kijiko mdomoni. Mpe magnesiamu. Likirudi baada ya dakika 15, ongeza gramu 2 kwenye mshipa kwa dakika tano.

8. Bana maji

Mama hawa mapafu yao hujaa maji upesi. Jumla ya dripu isizidi takriban 80 ml kwa saa, ikiwemo ya dawa. Mkojo ukiwa kidogo, usimmiminie lita mbili "tuufungue". Fanya hesabu ya maji yanayoingia na yanayotoka, kila saa, kwenye karatasi moja.

9. Amueni kuhusu kuzaa mapema

Ugonjwa huu hautulii kabisa hadi kondo litoke. Mwenye dalili kali aliyefika wiki 34 hapaswi kulazwa "kwa uangalizi" bila mpango wa kujifungua. Chini ya wiki 34 anaweza kusubiri, lakini mahali penye maabara, chumba cha upasuaji na huduma ya watoto njiti, na apewe dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto: deksamethasoni miligramu 6 kila saa 12, dozi nne. Aliyedegedeka azae ndani ya saa 12 tangu degedege lianze, akishatulizwa. Kutulizwa kwanza, kumkimbiza kwenye upasuaji akiwa na 190/120 ni kuongeza hatari juu ya hatari.

Upasuaji si wa lazima kwa kila mmoja. Njia ikiwa imefunguka na mtoto yuko salama, anaweza kuzaa kawaida. Baada ya mtoto, mpe oksitosini na usimpe ergometrini, inapandisha presha. Bandikeni hilo penye trei ya leba.

10. Rufaa: dozi kwanza, gari baadaye

Kituo kidogo kisichoweza kumhudumia kinaweza kufanya jambo moja kubwa: kutoa dozi ya kuanzia ya magnesiamu na dawa ya presha, kisha kumsafirisha. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza. Barua iandike dawa, kiasi, njia na *saa*. Bila saa, hospitali inayopokea ama inarudia dozi nzima ama inaogopa kutoa yoyote. Mkunga asindikize, sanduku liwe garini. Hospitali inayopokea nayo impigie aliyetuma, imweleze mama alivyoendelea. Hili halifanyiki karibu popote, na vituo vidogo havijui kama walifanya sawa.

11. Usimruhusu kwenda nyumbani presha inapopanda

Presha hupanda tena siku ya 3 hadi ya 6 baada ya kuzaa, wakati ambapo wengi wameshafika nyumbani. Kifafa cha mimba nacho huweza kuja baada ya kujifungua, hata kwa aliyekuwa na presha ya kawaida wakati wa uchungu. Kwa hiyo mama huyu abaki angalau saa 72 akipimwa, na aondoke na dawa mkononi. Karatasi ya kwenda kununua haitoshi. Nifedipini na enalaprili zinafaa kwa anayenyonyesha. Arudi ndani ya siku 7 hadi 10, kwa tarehe iliyoandikwa.

Zungumza naye mbele ya atakayekaa naye nyumbani. Kichwa kikali, macho kufifia, kuhema, degedege: arudi saa yoyote, na akifika mapokezi aseme "nimejifungua juzi, nilikuwa na presha." Sentensi hiyo inamwondoa kwenye foleni, kwa sababu bila mimba tumboni haonekani mgonjwa wa wazazi. Mwambie pia kuwa mimba ijayo aanze kliniki mapema ili apewe aspirini ya dozi ndogo, na kwamba presha yake ipimwe kila mwaka hata asipozaa tena.

12. Hesabu kila mwezi, fanya mazoezi usiku

Namba nne zinatosha kubandikwa ukutani: asilimia ya kinamama wa 160/110 waliopata dawa ndani ya dakika 60, asilimia ya wenye dalili kali waliopata dozi kamili ya kuanzia ya magnesiamu, asilimia ya dozi zilizotanguliwa na goti, pumzi na mkojo vilivyoandikwa, na siku ambazo sanduku lilikosa kitu. Wodi yenye kinamama wachache itumie idadi badala ya asilimia.

Kila aliyenusurika kufa ajadiliwe ndani ya wiki, na aliyekuwepo zamu aongee kwanza, kabla ya bosi.

Mazoezi yafanyike kwa zamu ya usiku pia, tena bila kutangazwa: mtu mmoja alale kitandani, mwingine aseme "anadegedeka", saa ianze. Atumike mfanyakazi mpya kuchanganya magnesiamu, maana siku ya kweli anaweza kuwa yeye. Namba ya kwanza ya ukutani isipopanda baada ya miezi mitatu, kwanza angalieni kama amri ya kudumu ya hatua ya 5 imesainiwa. Mara nyingi bado iko mezani kwa mtu.